Jina la Mzee wa Dukani

Kitale, Jumapili

Shangazi Bimla,

Habari za Bungoma? Huku mvua imeanza vizuri, ila goti la Papa linamsumbua. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, ujue mhariri wa hadithi ni mimi! Jarida letu la kupinga ubaguzi limetoka. Tunajitolea tu, lakini jina langu liko ukurasa wa pili.

Hadithi ya kwanza ni ya Nasambu wa Chwele. Inamhusu baba yake, anayepima vitambaa dukani miaka thelathini sasa, akiitwa "boi" mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Niliandika pembeni swali moja: "Jina lake nani?" Akanitumia jina, kisha akaongeza: "Divya, si alikuwa anakubeba mgongoni?"

Ndiyo, Shangazi. Duka ni letu. Ulinipigia simu ukitaka niiondoe hadithi hiyo. Leo nakujibu: sikuiondoa. Hata "boi" sikufuta. Niliongeza jina tu, na Papa amelisoma kwa sauti mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza.

Anaitwa Khaemba Sikuku. Ukija, msalimie.

Mhariri wenu,
Divya