Injini Iliyolala Nayo Hula

Gatuanyaga, Thika
1996

Baba,

Pampu ya kisima imekufa, na nduguyo Njoroge, mwenyekiti mpya wa maji, akatuita mkutanoni. Hakutuomba radhi. Alituhutubia!

Unakumbuka ulivyotusimulia manowari mbili za Mombasa, ulipokuwa fundi wa injini? Moja ilishinda baharini ikila dizeli, vipuri na chakula cha mabaharia wengi. Nyingine ilikuwa ya akiba, imefungwa gatini na watu wachache. Wakubwa walihesabu dizeli peke yake, wakaiona hiyo ya pili ni ya bure. Ulikuwa ukicheka hadi unakohoa. "Ya akiba inakula kidogo," ulisema, "lakini inyime hicho kidogo, siku ukiiita itakula kushinda mwenzake." Lazima ikwanguliwe kutu, ipakwe rangi, injini izungushwe hata kama haiendi popote.

Ndiyo maana kila Jumamosi uliwasha pampu yetu ya akiba, ikanguruma kidogo, ukaizima. Majirani walikuita mzee wa kuchoma dizeli.

Tulipokuzika tu, Njoroge akafungia dizeli stoo. "Kwani injini ya kulala hukula nini?" Na watu wakampigia makofi. Kichwa kikubwa, ndani upepo. Hata kanisani alijisifu amepunguza gharama. Basi ile kubwa ilipokufa, akaikimbilia ya akiba. Pistoni imeshikwa na kutu. Mwenyekiti mzima akaning'inia kwenye mkono wa kuwashia kama shati kwenye kamba. Nilicheka sana, Baba. Kisha nikamwona Mama akiteremka mtoni na mtungi mgongoni, na magoti yake yale. Nikalia mbele za watu. Laiti ningekuwa nawe hapo, hata dakika moja.

Sasa dawa ya Njoroge ni kuiuza hiyo ya akiba Thika kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Amemnyima ng'ombe majani, halafu anamuuza eti hatoi maziwa!

Nimekataa. Nimefungua injini mwenyewe, nikailowesha mafuta ya taa ulivyonifundisha. Jana pistoni ilisogea kidogo. Njoroge akapita, akauliza ni nani atanilipa. Nikaendelea kukwangua kutu.

Pumzika, Baba. Huko uliko angalau hakuna mwenyekiti. Nakuahidi Mama hatateremka tena mtoni. Na siku maji yatakapotoka, ndoo ya kwanza nitampelekea Njoroge kwa mikono yangu, anywe watu wote wakimwangalia.

Binti yako,
Wambui