Lukumbi ya Chuma

Kasongo, 8 Septemba 2024

Baba yangu Musafiri,

Jambo sana. Mugongo unaendelea namna gani? Mimi niko muzima, mikono tu inanuka chuma.

Baba, nimepata kazi! Wamama wa soko walitaka sanamu ya kupamba soko, tena walitaka maji ya karibu. Nikawaambia vyote viwili vinaweza kuwa kitu kimoja. Nimeunga lukumbi ya chuma, ile ngoma yetu ya mti isiyo na ngozi, ila hii ni ndefu kama nyumba. Mvua inaingia juu kwenye mudomo, inakaa tumboni, inatoka chini kwa robine, bomba la kufungua na kufunga. Tumbo likijaa, maji ya ziada yanazungusha gurudumu la pikipiki. Meno niliyounga kwenye gurudumu yanainua nyundo mbili, zinagonga ngoma. Hapo kila mutu anajua: leteni bidon za kutekea, maji yasimwagike bure.

Wewe uliyepiga lukumbi Wamaza miaka yote, unaionaje?

Mutoto wako,
Laetitia

Wamaza, 20 Septemba 2024

Binti yangu Laetitia,

Salamu zako zimefika. Pitchou, mubeba barua wetu, alianguka matopeni na pikipiki yake, lakini barua ilibaki kavu. Mugongo unauma kama kawaida yake, tuuache.

Unaniuliza naionaje? Siioni! Niko Wamaza. Lukumbi inachongwa mutini, na mwanaume. Chuma hakina mudomo, mama. Kinapiga kelele tu.

Lakini niambie: nyundo ya kushoto inalia nzito ao nyembamba? Inaanza ipi? Vyura hawaingii ndani? Na nani alikuruhusu kupanda juu hivyo?

Baba yako

Kasongo, 13 Oktoba 2024

Baba,

Jambo. Natumaini unalala vizuri, maana mimi silali.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha juzi. Tumbo likajaa, nyundo zikaanza. Wamama wa kutoka kwetu Wamaza wakaacha mihogo mezani, wakajifunga vitenge kiunoni, wakalia: "Nani amekufa? Nani?" Wazee wa musikiti wakafika kuuliza nyumba ya musiba. Mama Fatuma, muuza mikate, alishabandika chai ya matanga! Kumbe nyundo zinapiga nzito tatu, nyembamba moja, mapigo ya kutangaza kifo. Niliweka meno vile mikono ilivyopenda tu.

Sasa mukubwa wa soko anasema ngoma ikiendelea kutuzika, ataikata iwe vyuma chakavu. Robine hakuna anayeisogelea, wanasema ni maji ya maiti. Baba, ni kazi yangu ya kwanza yenye kubeba jina langu. Nifanye nini?

Mutoto wako

Wamaza, 24 Oktoba 2024

Laetitia,

Pole, pole sana. Lakini nimecheka mpaka mugongo ukasahau kuuma.

Ulikuwa unakaa miguuni pangu nikitangaza misiba, mikono yako ilishika hiyo. Basi chuma kinasema! Sikujua.

Hamisha meno hivi: nyembamba, nyembamba, nzito. Pumzika. Nyembamba, nzito, nzito. Usiongeze hata moja, wala usiniulize maana yake. Mvua ije kwanza, kisha uniandikie watu wamefanya nini.

Baba yako

Kasongo, 10 Novemba 2024

Baba,

Jambo, jambo tena! Ilinyesha jana. Nilisimama nyuma ya duka la Hemedi. Nyundo zikaanza. Mara mama mumoja wa Wamaza akacheka, akashika bidon, akaenda; wengine wakamufuata. Wazee wakajaza birika zao za udhu. Mukubwa wa soko mwenyewe alikunywa. Lukumbi inabaki, Baba!

Nikamuuliza yule mama ngoma inasema nini. Akaniangalia sana, akasema, "Uliza baba yako." Basi nauliza. Soko zima linasikia neno, mimi peke yangu silijui.

Mutoto wako

Wamaza, 2 Desemba 2024

Binti yangu,

Salamu, na usinikasirikie kwa kuchelewa. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia.

Jina la ngoma, lile mutu anaitwa nalo kwa lukumbi, halipewi mutoto muchanga. Linangoja mpaka mikono yake ifanye kitu cha kuwafanya watu wamuite. Lako nililitunga siku uliyozaliwa, paa linavuja: "Aliyekuja na mvua, mufungulieni mulango." Uliondoka kabla sijakupigia, nikadhani nitazikwa nalo. Mapigo niliyokutumia ndiyo jina hilo; sasa Kasongo inakuita kila mvua. Nimelia, mama, sikufichi.

Nataka kulisikia. Pitchou anasema barabara ya Kabambare imeoza, tungoje kiangazi. Nikamuambia, kiangazi kitanisaidia nini, ngoma ikiwa imenyamaza? Tunatoka kesho, na mvua hii hii. Barua hii simpi aibebe. Nitakuletea mwenyewe, nyuma ya pikipiki yake.

Baba yako,
Musafiri