Bakuli la Mwalimu Sefu

Ijumaa, 5 Julai
Pilau imetoka vizuri, ila pilipili manga nimezidisha. Nimejaza bakuli la bluu nikampelekea Mwalimu Sefu, mtaa wa pili, kama kila Ijumaa tangu mkewe afariki. Hulirudisha mwenyewe, na halirudi tupu. Wiki iliyopita ndimu. Ndiye aliyenifundisha umeme chuoni, ndiye aliyesimama kama baba siku ya ndoa yangu. Leo mimi ni mkuu wa idara na yeye yuko chini yangu, kwenye karatasi tu.

Jumatatu, 8 Julai
Neema wa mwaka wa mwisho kaja ofisini, kafunga mlango. Mradi wake ni kupima nyaya za umeme zinazouzwa Kariakoo. Aina moja ganda lake linayeyuka kwa umeme wa jiko moja tu. Msimamizi wake, Mwalimu Sefu, kamwambia aina hiyo aiache. Kumbe Mwalimu ni mshauri wa muagizaji wa nyaya hizo hizo. Kazi za nje hatukatazwi, wengi zinatusomeshea watoto. Ila lazima useme. Hakusema.
"Dokta, mimi simshtaki Mwalimu," alisema Neema. "Ila zinayeyuka."
Nilipaswa kwenda kwa mkuu wa kitivo leo leo. Sikwenda. Mzazi hasemewi kabla hajaambiwa mwenyewe.

Jumanne, 9 Julai
Nimekwenda kwake. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, kahawa. Nikamwambia taratibu aachie moja, ushauri au usimamizi. Mshika mbili moja humponyoka. Alicheka, akasema methali hiyo nimeitoa kwake. Akaomba siku mbili aweke mambo sawa. Nikampa. Nimerudi nyumbani moyo mweupe.

Alhamisi, 11 Julai
Kayaweka sawa kweli. Kaamua vipimo vyote vya Neema vina makosa, aanze upya. Maana yake mwaka huu hahitimu. Na nyaya alizozipima hazipo tena maabara. Mama yake anauza mitumba Mchikichini, ameshashona nguo ya mahafali. Hizo siku mbili nilizitoa mimi. Adabu yangu. Nina hasira na Mwalimu. Na nina hasira zaidi na nafsi yangu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimekwenda dukani mwenyewe, nimenunua waya ule ule. Nimepima na Neema, mara mbili. Umeyeyuka. Njiani kurudi nimeangalia madirisha ya ghorofa zetu, watu wanapika. Niliogopa.

Jumatano, 17 Julai
Kikao cha kitivo, baada ya kumpelekea mkuu taarifa. Nimeanza na langu: Mwalimu ni baba yangu wa ndoa, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona, kura sitapiga. Kisha nikaeleza yote, pamoja na ile safari yangu ya kwake. Mwalimu hakubisha. Hakumtazama mtu yeyote ila mimi.
"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu," alisema. "Ungenisubiri, mwanangu."
Nikatoka nje wakapiga kura. Neema kapewa msimamizi mwingine, vipimo vyake vimekubaliwa, habari za nyaya zinakwenda kwa wahusika. Mwalimu kaondolewa kusimamia wanafunzi. Nimelia chooni, kama mtoto.

Ijumaa, 19 Julai
Nimepika. Mume wangu kaniuliza kama nina hakika. Nimepeleka. Shikamoo yangu kaiitikia, bakuli kalipokea kwa mikono miwili. Hakunikaribisha ndani.

Alhamisi, 25 Julai
Neema kafaulu. Mama yake kapiga simu kunishukuru.
Jioni jirani wa Mwalimu kaleta bakuli. Limeoshwa vizuri, limekaushwa. Nimefunua kifuniko. Hamna kitu. Nikafunika, nikafunua tena.

Ijumaa, 26 Julai
Mvua kidogo asubuhi. Nimepika pilau ya watu wa nyumbani tu. Bakuli la bluu liko kabatini.