Nguo Zilizokuwa Sandukuni

Kayole,
Jumapili, 16 Juni 1996

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mgongo unaendeleaje, na mbaazi zimepata mvua? Mimi sijambo, ila nimechoka mpaka kalamu naiona nzito.

Barua yako kwa kaka Musau ilifika Jumanne. Aliisoma kwa sauti pale wodini mbele ya mkewe, akiwa hajui lililomo. Ulisema mtoto amegeuka manjano kwa sababu maziwa ya Jecinta ni mabovu, na kwamba mtoto akipona, Jecinta arudishwe kwao Murang'a na mjukuu aletwe kwako. Jecinta alimhamishia mtoto titi la pili, akaendelea kunyonyesha.

Mtoto aliruhusiwa kutoka hospitali juzi, baada ya siku nane chini ya taa na kuongezwa damu. Ngozi inabambuka kidogo, lakini hiyo ni kawaida ya watoto wachanga.

Unaijua kazi yangu pale zahanati ya Mukuru kwa Njenga. Kutwa nawaambia akina mama wasimsugue mtoto, wasitie dawa kali kwenye maji ya kumwogesha. Nawafundisha kumbonyeza paji la uso penye mwanga, waone kama ngozi ina umanjano. Wa kwetu sikumbonyeza. Mganga hajigangi.

Daktari aliinusa shali ya mtoto. Akasema wako watoto ambao damu yao haivistahimili vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Harufu yake tu ikikaa kwenye nguo, damu inavunjika na ngozi inakuwa manjano. Musau hakuwepo siku hiyo, nami sikumwambia.

Mama, nguo zile ni zangu. Nilizinunua sokoni Gikomba mwaka wa tisini na moja, nikiwa na mimba ambayo hukuijua. Ilitoka kabla sijakuambia. Nikazifungia sandukuni na vidonge hivyo miaka mitano. Jecinta alipojifungua nilimpa zote. Alitaka kuzifua kwanza, nikamkataza. Nilitaka mtoto mmoja azivae zikiwa vile vile nilivyozikunja.

Jecinta alikuwepo daktari aliposema. Ndiye aliyeniomba ninyamaze. Alisema lawama zako yeye amezizoea, mimi bado.

Siwezi tena. Hasira yako niandikie mimi. Yeye mwandikie jina la mtoto. Mpaka leo anangoja umpe wewe.

Msalimie Baba na wote wa hapo nyumbani. Mungu akutunze.

Ni mimi bintiyo,
Mwongeli