Ndizi za Kwetu Nilizozinunua kwa Mkopo

Jumapili, saa kumi alasiri. Huku mjini Levolosi ninakoishi kuna manyunyu na baridi, Mlima Meru umejifunika wote, na mimi sijatoka chumbani tangu asubuhi. Naona aibu.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda nyumbani Kikwe. Baada ya ibada ukafanyika mnada wa sadaka kama kawaida: mayai, maboga, na mkungu wa ndizi alioutoa mama yangu mwenyewe. Mzee wa kanisa akaanza na elfu kumi. Mdogo wangu Upendo alikuwa ananirekodi. Nikajisikia nikisema, "Elfu sitini!"

Sitini sikuwa nayo. Nilikuwa na elfu nane na simu.

Kuna ile programu ya mikopo. Unabonyeza "kubali", hela inaingia. Nilibonyeza palepale, huku watu wanapiga makofi na mama anapiga vigelegele. Video niliirusha mtandaoni kabla hata ndizi hazijafika nyumbani. "Dada hela ipo!" wakaandika. Nami nikajiona mtu.

Nilichokikubali sikukisoma. Siku ya kulipa ilipopita, wenye programu wakawatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yangu: "Mwambieni mwenzenu arudishe hela ya watu." Bosi wangu wa saluni akaupata. Mzee wa kanisa akaupata. Mama akaupata.

Wamenidhalilisha, ndiyo. Lakini aliyetaka sifa ni mimi. Nguo ya kuazima haisitiri, na mimi niliivaa hadi kanisani.

Jana mama alipiga. Nilijiandaa kugombezwa, hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, kama ni ndizi, si ungeniambia nikukatie?"

Leo Upendo amenieleza ya ibada. Mama, ambaye tangu nikiwa mdogo hukaa benchi la pili na kina mama wenzake, leo amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mnada ulipoanza, akaondoka.

Hapo ndipo nilipolia.

Video nimeifuta. Haijanipunguzia kitu. Deni nitalilipa mshahara ukitoka, hilo lina mwisho wake.

Jumapili ijayo nitakwenda Kikwe. Nitampa mzee wa kanisa shikamoo yake, na ukweli wote, kama mdomo utafunguka. Sijui watu watanitazamaje. Ila pa kukaa napajua: nyuma, karibu na mlango, pembeni ya mama.