Mkono wa Sultani Yaishi

Malaga, mwezi wa Shaabani

Kwako dada yangu Muhja,

Pokea salamu zangu nyingi, uwape na majirani. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia. Nasikia unamshonea mwanao Ziyadi joho la vita. Nakusihi, usimruhusu mtoto atoke nyumbani kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Ulinicheka nilipochukuliwa ikulu kuwa mwandishi, ukasema kweli Sultani amekosa watu. Basi na Sultani Yaishi mwenyewe alisema hivyo hivyo! Alitawazwa ana miaka tisa, juu ya farasi miguu inaning'inia, na tangu siku hiyo haikutoka amri bila yeye kuandika chini, kwa mkono wake, "Haya ni sahihi." Watu wa mpakani huibusu karatasi hiyo, huiweka kichwani, kisha hutii. Uzeeni mkono ulipoanza kumtetemeka, akanifundisha mwandiko wake. Nikikosea aliniambia naparura kama kuku, tukacheka. Nilimpenda yule mzee, Muhja.

Alifariki mwezi wa Rajabu. Ndiyo, amekufa. Waziri alisema mrithi yuko ng'ambo ya bahari, mjini Fezi, na adui akipata habari tumekwisha, kwa hiyo marufuku kulia. Tukamzika bustanini kimyakimya. Mpaka leo masinia ya chakula yanaingia chumbani kwake na kutoka matupu. Mtumishi mmoja hukaa nyuma ya pazia akikohoa kikohozi chake. Ewe dada, kinafanana! Jana niliitika "Labeka, bwana wangu," ndipo nikakumbuka.

Sasa lile linalonikaba. Mwanao Mufarriji aliandika kwamba chakula kimekwisha katika ngome yake ya mpakani, akaomba ruhusa ya kuwatoa watu wake. Sultani, siku mbili kabla ya kufa, alisema wazi mbele yangu kwamba vijana wale watoke. Alipokwisha kuzikwa, waziri akasema wabaki humo humo, akanisukumia karatasi. Nilimwambia huyo ni mtoto wa dada yangu. Akanijibu kwamba basi dada yangu atapata heshima mjini. Niliogopa, Muhja. Niliandika, "Haya ni sahihi." Mpanda farasi aliyeipeleka alinisimulia kwamba Mufarriji aliibusu, akaamuru lango lifungwe. Kilichowapata humo umeshakisikia.

Usinisamehe. Nitakuja mwenyewe unipige, unitukane mbele ya watu, ni haki yako. Lakini asubuhi hii nimeandika nyingine, ya kumwita Ziyadi, waziri akiwa amenisimamia kichwani. Mjumbe ameshaondoka. Ikifika, mtoto ataikimbilia aibusu. Mnyang'anye! Mpeleke milimani kwa shangazi zake, hata kwa kumfunga kamba. Sultani hakumwita mwanao. Nimemwita mimi.

Mkumbatie kwa niaba yangu, bila kumwambia ni nani aliyekutuma. Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Durra