Kikohozi Chako Langoni

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Novemba 1994 ulipotoka na jembe begani ukasema unakwenda kubomoa ntumba mbili tatu shambani kabla jua halijawa kali. Uji wako ulibaki mezani umefunikwa na kisahani. Hatukujua kwamba tulikuwa tunaagana.

Ninayeandika ni mimi Scola, mwanao wa kwanza, kwa sababu mwandiko wa mdogo wangu Vitus anausoma Vitus peke yake. Lakini maneno haya ni ya nyumba nzima, na mengi ni ya Mama. Ametuagiza tusifiche kitu, watu wasome.

Miaka ishirini na minane ulishona magunia ya mahindi pale ghalani, hapa mjini Sumbawanga. Ukimaliza kushona ulichukua bati lako lenye herufi zilizotobolewa, ukapaka rangi, ukaandika gunia linakokwenda: Tabora, Dodoma, Dar es Salaam. Wewe mwenyewe ulikuwa hujavuka Mbeya. Ulirudi jioni na vumbi la mahindi hadi kwenye nyusi, ukamwambia Mama, "Mama Scola, leo nimekwenda Dodoma mara mia mbili." Naye hakuwa na haraka ya kukusifu. "Pole na safari," alikuwa akikujibu. "Nawa mikono ule."

Biashara ya mahindi ilipofunguliwa kwa watu binafsi, matajiri wakaanza kuja na malori yao, wakinunua mahindi shambani kwa mkulima hadi kule Muze. Ghala likakosa kazi. Juni 1993 mkaambiwa mkapumzike. Wenzako walirudi makwao wamenuna, wewe ukarudi umechora ramani nyuma ya karatasi ya kalenda. Basi hadi Mpanda kupitia Namanyere, treni hadi Tabora, Dodoma, mpaka Dar es Salaam, kisha treni ile nyingine hadi Mbeya, na nyumbani kupitia Tunduma. "Njia moja tusiikanyage mara mbili," ulisema. Ukamnunulia Mama sanduku la kijani la mtumba, lenye kufuli lisilo na ufunguo. Safari ikapangwa kuwa baada ya sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane.

Wiki mbili kabla, Mama alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Mkono wa kushoto ukakataa kufungua kibanio. Akajaribu kutuita, mdomo nao ukakataa. Hospitali walisema ni kiharusi, chepesi, ila asisafiri mwaka mzima. Hatukukusikia ukilalamika hata siku moja. Ulikunja ramani ukaiweka ndani ya kitabu chako cha sala.

Ukajifunza kupika uji wa ulezi. Ulikuwa na madonge, Baba, tuseme ukweli. Ukamchongea Mama fimbo, na kila mchana ukaweka mguu wake magotini pako na kuukanda kwa maji ya moto. Masika ya mwaka uliofuata yalipofika ukashika jembe, ukakusanya majani na kuyafukia katika vichuguu vya mviringo, vioze humo hadi mvua mpya zije vibomolewe na kupandwa, hizo ntumba zetu za Ufipa, kazi ambayo Mama aliifanya peke yake miaka yote uliyokuwa ghalani. Zako zilikaa upande. Majirani walicheka, na Mama akacheka kuliko wote, akikuelekeza kwa fimbo kutoka kwenye kigoda.

Mwaka huohuo, baada ya Pasaka, ukaanza kukohoa langoni. Ukitoka shambani, ukitoka kanisani, hata ukitoka chooni, ulisimama kwenye lango la ua ukakohoa mara tatu, ukakung'uta viatu polepole, ndipo ukaingia. Tulisema ni vumbi la ghala limekukaa kifuani. Vitus akakuletea dawa ya maji kutoka Mbeya. Uliinywa yote na ukaendelea kukohoa.

Sasa tuseme la Mama.

Jumatatu ya Pasaka mbuzi wa jirani aliingia kwenye maharage. Mama aliinuka, akamfukuza hadi kwenye ua, akamkamata kamba, ndipo akakumbuka kwamba fimbo ameiacha kwenye kigoda. Alisimama pale ameshika mbuzi, anacheka peke yake. Mguu ulikuwa umepona. Alikusudia kukwambia mchana.

Mchana ukaja na kuni, ukachemsha maji, ukauchukua mguu ule. Ukamuuliza alichoota usiku. Akakusimulia ndoto, la mguu akaliacha. Tangu mlipooana ulikuwa ukiondoka alfajiri na kurudi gizani, na Jumapili ulilala. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mume anayekaa chini na kumsikiliza. Alijua siku atakayosema amepona mtapanda basi, na mkirudi utakwenda kutafuta kazi kwa matajiri wa malori, kwani wewe hukuwa mtu wa kukaa bure. Akasema atakwambia kesho. Akawa anatembea vizuri ukiwa mbali, na akikusikia anashika fimbo na kuchechemea.

Barabara ilipokauka mwezi Juni ulimuuliza, "Mama Scola, mguu unauonaje? Tukajaribu mwezi wa nane?"

"Bado unaniuma, Baba Scola. Na hizo ntumba zako, mvua zikianza atazibomoa nani? Twende mwakani."

Ulimtazama usoni, ukatazama na fimbo. "Haya," ulisema. "Mwakani si mbali."

Ilikuwa mbali, Baba.

Sisi wanao hatukuuliza chochote. Viatu vyake vilikuwa vimelika sawasawa, cha kushoto na cha kulia, na hakuna kati yetu aliyejiuliza mtu anayechechemea anawezaje kuvaa viatu hivyo.

Asubuhi ile ya Novemba aliyepiga kelele ni Evaristi, mwenzako wa ghalani, ambaye shamba lake limepakana na letu. Mama alikuwa anachambua mbegu za maharage. Alikimbia. Aliruka mfereji, akapita nyumba nne bila fimbo, na mtaa mzima ukamwona. Alikukuta umelala kifudifudi juu ya ntumba uliyoibomoa nusu. Hospitali walisema ni moyo.

Watu wakasema uchungu ndio uliompa miguu. Mama aliwaacha waseme hivyo hadi arobaini yako. Siku hiyo, tukiwa tumekaa uani, akasema, "Nilipona tangu Pasaka. Nilimdanganya baba yenu. Nimemnyima safari yake."

Evaristi akaweka kikombe chini. "Alijua, Mama Scola."

"Alijua nini?"

"Alikuona siku ile ya mbuzi. Alikuwa anarudi na kuni, akajificha nyuma ya ua. Nikamwambia, sasa si muondoke? Akasema, 'Mwache. Labda safari inamtisha. Akiwa tayari atasema mwenyewe. Mimi nakohoa tu langoni, apate muda wa kushika fimbo.'"

Tulidhani Mama atafarijika. Alijifunika kanga usoni. "Kumbe tulikuwa tunangojana," alisema. "Neno moja tu, Evaristi. Yeye angesema, au mimi ningesema. Tungekuwa tumefika Tabora."

Mwezi wa saba mwaka huu nilimpandisha Mama basi, nikambebea hilo sanduku la kijani, nikasema tukaimalize safari yako. Tulipofika Namanyere abiria wakashuka kula. Mama akanunua uji, akaonja, akaurudisha kwa mwenyewe. Kisha akaniambia nishushe sanduku.

"Mama, kuna nini?"

"Uji huu hauna madonge," alisema. "Turudi, Scola."

Tukarudi. Sanduku sasa lina mbegu za maharage, na ramani bado imo kwenye kitabu chako cha sala, palepale ulipoikunja. Ntumba zilizobaki Mama amezibomoa mwenyewe wiki hii. Ile ya nusu ameiacha.

Tunaokukumbuka ni mkeo Avelina. Wanao Scola na Vitus. Mjukuu wako Bertila, aliyezaliwa baada yako. Dada yako Rahel wa Wampembe. Na rafiki yako Evaristi, ambaye siku hizi akija kwetu anapiga hodi kwa sauti kubwa. Siku moja alikohoa langoni, Mama akanyoosha mkono nyuma ya mlango kuitafuta fimbo.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, misa ya kwanza. Baada yake tutakuja kaburini, na Mama atakuja kwa miguu yake, bila kushika kitu.

Hutatutoka moyoni, Baba, wala leo wala kesho. Na Mama anakuomba jambo moja: siku utakapokuja kumchukua, usikohoe. Ingia tu, umkute amesimama.